Sweta la Mkono Mmoja

Binti wa jirani yangu anafuma mikoba kwa kroshia na kuiuza kwa picha za simu. Ni hodari, na ulimi wa biashara anao. Juzi aliosha nyuzi zake za sufu, akazitandaza karibu na jiko la mkaa zikauke haraka, halafu akaja kunibishia hodi. "Shangazi, njoo unishikie uzi niukunje, dakika tano tu." Nilipoingia kwake ile harufu ikanipiga usoni, harufu ya mbuzi aliyenyeshewa akaja kuota moto, nikamwambia sina mikono ya kushikia uzi. Nilimjibu vibaya. Mtoto wa watu akabaki ameduwaa, maana mikono yangu aliiona, miwili, mizima. Yeye sikuweza kumweleza. Nawaeleza ninyi wa rika langu, mliokulia kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma na masweta yaliyokuna shingo.

Mimi ni mtoto wa Matiri, kwenye milima ya Umatengo, ambako mwezi wa saba ukungu hauondoki kabla ya saa nne na mchuma kahawa hupuliza vidole kwanza ndipo ashike tawi. Kwenye baridi ile Mama alikuwa mtu wa maana. Alifuma masweta ya shule, kofia na soksi za watoto wachanga, mashali ya wazazi, na alipopata nafasi akapamba vitambaa vya mezani kwa ajili ya harusi. Alianza akiwa msichana kwa kupenda tu, baadaye ikawa ndiyo chumvi na sabuni ya nyumba yetu. Sweta la mtu mzima alilimaliza kwa siku nne, na mdomo wake wakati huo wote ulikuwa unapiga hadithi.

Uzi mpya wa dukani ulikuwa wa wenye nazo. Sisi tulitumia masweta ya mtumba. Siku za mnada Mama alichambua lile rundo kwa subira ya mtu anayechagua mbegu. Hakujali rangi imepauka wala kiwiko kimetoboka. Alipindua sweta akatazama mishono ya ubavuni. Kama limekatwa na kupigwa ovaloki ya mashine ukingoni analitupa, maana hilo ukilifumua linatoka vipande vifupi vifupi. Kama limeshonwa kwa sindano analikumbatia, maana hilo lina uzi mmoja unaokwenda mpaka mwisho. Nyumbani aliitafuta ncha shingoni, akaivuta, na sweta likaanza kutoweka mstari kwa mstari. Kazi yangu ilikuwa kunyoosha mikono mbele aizungushie uzi ule uliojikunjakunja. Kisha tuliuosha, tukautundika na jiwe chini ili unyooke.

Masweta yale watu waliyaita kafa Ulaya, na mimi jina hilo nililiamini kabisakabisa. Niliamini kila sweta tulilofumua lilikuwa la Mzungu aliyekufa, ndugu zake wamelia, wakamaliza, wakatuletea nguo. Nilikuwa nikiwaombea kimoyomoyo wakati uzi unapita mikononi mwangu.

Halafu akafa Babu, baba yake Mama. Kwanza waliniambia amesafiri, na mimi nikauliza lini atarudi mpaka mtu akanifukuza jikoni. Siku ya kumaliza matanga nguo zake ziligawiwa ndugu, na Mama akapata lile sweta la kahawia alilokuwa amemfumia mwenyewe. Alikaa nalo mlangoni, akaitafuta ncha ya shingoni, akavuta. Nilimuuliza kwa nini haliachi likavaliwa na mjomba. "Sweta la aliyekufa halivaliwi zima, Skola," alinijibu. "Linafumuliwa kwanza, ndipo linakuwa la mtu mwingine." Kwao ndivyo walivyofanya, na mimi niliona ni haki. Nikalitia akilini kama nilivyotia katekisimu: sweta zima, mwenyewe yuko hai, sweta likifumuliwa, mwenyewe hayupo.

Sasa njooni kwa Baba. Baba hakuwa mtu wa milimani. Alikuwa Mnyasa, mtoto wa ziwani, kwao watu huenda kifua wazi mpaka saa za kulala. Alipanda huku kumfuata Mama, akajifunza kulima ngoro, yale mashimo yetu ya mteremkoni, na kupalilia kahawa, lakini baridi yetu hakuizoea hata siku moja. Kabla hawajaoana Mama alimfumia sweta la kijani kibichi, rangi ya jani la kahawa, lenye kola pana. Baba alilivaa shambani, kanisani, hata kitandani. Watu walimtania kwamba akilivua ataanguka. "Acheni wivu," aliwajibu, "ninyi mlipooa mlivaa nini?"

Kifua kilimwanza taratibu. Kwanza kikohozi cha asubuhi, kikawa cha mchana, mwisho akawa anashika mti wa kahawa ili akohoe. Wakampeleka hospitali ya misheni, mbali na kwetu, na sisi tukawa watu wa kungojea lori la kahawa lililopita Ijumaa moja na kuacha nyingine. Mama alikwea lori lile Ijumaa, akarudi Jumapili. Mimi sikuchukuliwa. Nilipouliza hali ya Baba nilijibiwa, "Anakusalimu." Salamu, salamu, kila siku salamu.

Jumapili moja Mama alirudi na sweta la kijani ndani ya mfuko.

Nililiona alipoutua mfuko. Baba yuko kwenye baridi hospitalini, sweta liko hapa. Siku hiyohiyo akaja Shangazi Otilia, dada yake Baba, kutoka ziwani, na furushi la nguo na usipa mkavu, dagaa wa kwao, na mimi nilijua ndugu wa mbali huja na furushi kwa jambo gani. Hawakulia. Walinong'ona jikoni, na nilipoingia wakanyamaza. Kisha Mama, mwanamke ambaye Jumapili hakushika sindano hata ya kutoa mwiba, akavuta kigoda, akalipakata sweta la Baba, vidole vikaanza kutafuta shingoni.

"Mama, Baba hajambo?"

"Anakusalimu. Lete mikono."

Jamani. Nikaleta mikono. Ningefanya nini? Mtoto wa kwetu hakumwambia mama yake sitaki. Uzi ukaanza kuja, wa kijani, ukizunguka viganja vyangu, na kola ikaisha, na mabega yakaisha. Nilibana meno nisilie. Nilimchukia Mama, nasema kweli, nilimchukia kwa macho yake makavu. Niliona kwamba Baba amekufa, wamekubaliana wasiniambie, na kesho keshokutwa nitaona kijani chake kwenye kichwa cha kichanga cha mtu.

Uzi ulioshwa ukachukua siku mbili kukauka kwa ajili ya ule ukungu, ndipo tukakunja madonge manne. Siku zile tatu kichwa changu cha utotoni kilifanya kazi kuliko darasani. Nilijiambia kwamba Babu tulimpoteza kabisa pale uzi wake ulipogeuka kofia na soksi. Kabla ya hapo alikuwa mahali fulani katikati, safarini, kama walivyosema. Basi Baba naye bado yuko katikati. Madonge haya yasipofumwa kitu kingine, atakuwa na njia ya kurudi. Msinicheke. Nilikuwa na miaka tisa, na hakuna mtu mzima aliyenipa kitu kingine cha kuamini.

Jumatano Mama alipokwenda kuchuma kahawa na Shangazi yuko kisimani, nilichukua madonge yote manne. Nilipanda juu ya dari ya jikoni, kule tulikohifadhi mahindi ya mbegu yapate moshi, nikayachimbia chini ya magunzi. Niliteremka na moyo mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Mama aliporudi akanawa mikono, akachukua sindano zake, akafungua kapu. Alimwaga kapu chini. Akatazama chini ya kitanda, nyuma ya debe la unga, ndani ya sufuria, akatoka nje akatazama kamba. Akaniuliza, nikasema sijui. Nilisema sijui huku namtazama machoni, na uongo ule ulitoka laini mpaka nikajishangaa. Alhamisi alitafuta tena. Ijumaa aliacha kahawa ikiiva mtini akatafuta majivuni, akapekua hata jalalani. Nilimwona ameketi katikati ya chumba, mikono iko mapajani, haifanyi kitu. Mikono ya Mama haikuwa na kawaida hiyo. Nikaogopa, ila sikusema. Nilifikiri namwokoa Baba, na mtu anayeokoa haulizi nani anaumia.

Jumamosi Mama akamgeukia Shangazi.

"Wifi, ndani ya nyumba hii tuko watatu. Mtoto nimemuuliza. Umebaki wewe."

Shangazi Otilia alikuwa mtu wa ziwani kwelikweli, sauti yake ilizoea kuvuka maji. "Mimi? Mimi niibe uzi wa ndugu yangu, tumbo moja? Niupeleke wapi, nikavulie usipa?"

"Sijui. Najua tu haupo, na lori linakuja Ijumaa."

"Wee mwanamke, unanitukana! Hilo sweta si mimi niliyekutia moyo ulifumue? Si wewe uliyenililia hapa kwamba kaka amelivaa likamning'inia, akajiona kwenye kioo cha dirisha, akasema mke wangu nimekwisha, na tangu siku hiyo anakataa uji? Si ulisema utalifuma upya, jembamba, limkae, ajione bado ni mtu apate kula? Leo nimwibie mgonjwa pumzi yake?"

Nilikuwa nimekaa kizingitini napepeta maharage. Ungo ulinitoka.

Baba yuko hai. Baba yuko hai na anakataa kula, na dawa yake iko darini chini ya magunzi, na aliyeiweka ni mimi. Shangazi alikuwa anafunga furushi lake kwa hasira, anasema halali tena kwenye nyumba hii, atalala kwa katekista na kesho anateremka kwao. Alipotoka tu nikapanda ngazi kama paka.

Panya walikuwa wamefika kabla yangu. Donge moja lilikuwa tundu tupu, wamelifanyia kiota. Mengine wameyapitia kwa meno toka nje hadi ndani, uzi umekuwa vipande vya urefu wa mkono, vingine vya kidole. Niliteremka na kijani kile mbele ya gauni langu, nikasimama mbele ya Mama. Nilitaka kueleza habari za Babu na kafa Ulaya na kuwa katikati. Nilichoweza kusema ni, "Nilidhani amekufa. Mama, nilidhani mmenificha."

Nilingoja kofi. Nililitaka. Mama alitazama vile vipande, akanitazama mimi, uso wake ukaharibika, akasema, "Kumbe ni sisi." Basi. Akaketi, akachukua kipande na kipande, akafunga fundo.

Jioni ile ile alivaa kitenge chake kizuri akaenda kwa katekista, nami nyuma yake. Alipiga magoti mbele ya Shangazi, mbele za watu. "Wifi yangu nisamehe. Ni panya. Waliubeba darini." Shangazi alinitupia jicho moja refu. Alikuwa na akili yule mama. Kisha akasema, "Panya wa huku mlimani wana mambo," akamwinua wifi yake, wakarudi nyumbani wameshikana mikono.

Tulifunga mafundo sote watatu, Jumapili, Jumatatu, na kuendelea. Shangazi alilinganisha vipande, mimi nikafunga, Mama akafuma. Alijitahidi mafundo yakae upande wa ndani, lakini kila baada ya mizunguko michache sindano ilikwama, akalazimika kurudi nyuma. Hadithi hazikuwepo. Alhamisi jioni alikuwa amemaliza kifua, mgongo, kola nyembamba na mkono mmoja wa kulia. Uzi ulikuwa umekwisha. Alishona pamoja hicho kilichopo.

Ijumaa nilipandishwa lori kwa mara ya kwanza, juu ya magunia ya kahawa, na Mama hakunielezea kwa nini. Tulimkuta Baba kwenye baraza la wodi, ameotea jua, blanketi magotini. Mama aliniminya bega nisishtuke. Nilishtuka hata hivyo. Macho tu ndiyo niliyoyajua.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mama yangu. Umekuwa mkubwa, au ni mimi?"

Mama akamvisha. Sweta lilimkaa vizuri, nakuapieni, liliufuata mwili ule kana kwamba ndivyo ulivyokuwa siku zote. Baba akajitazama kifuani, akajitazama kulia, akatazama kushoto ambako palikuwa na bega, kisha mkono mtupu.

"Mke wangu, na huu nao?"

"Unakuja. Lori lijalo, Ijumaa."

"Haya. Usinidanganye, nina baridi upande mmoja." Akacheka, kikohozi kikamkata. Akaingiza vidole ndani ya sweta akapapasa. "Kuna nini humu? Nimevalishwa kunde?"

"Ni mafundo," nikasema. "Niliyafunga mimi."

Nilikusudia kuendelea. Maneno yalikuwa yamepangana tayari. Lakini sista alileta uji, na Baba akanyoosha mkono ule wenye sweta, akapokea kikombe, akanywa nusu. Mama aligeuka akatazama ukuta. Alitikisika mabega bila sauti. Siwezi kumwambia Baba ubaya wangu wakati anakunywa uji, nikajiambia. Nitamwambia Ijumaa ya lori lijalo.

Wiki mbili zilizofuata Mama alitafuta kijani. Alikwenda mnadani mara mbili, akafika hata Mbinga mjini, nusu ya njia kwa miguu, mwisho akapata kisweta cha mtoto kilichokaribia rangi ile bila kuifikia. Mkono ukafumwa, umepauka kidogo, hauna fundo hata moja. Aliukunja ndani ya khanga pamoja na sindano ya kushonea na mkasi. Nami nilifanya mazoezi ya maneno yangu njiani, juu ya magunia, midomo inatembea, mpaka kondakta akaniuliza kama nasali.

Barazani hapakuwa na mtu. Kitandani kwake alikuwa amelala mzee mwingine, uso wake umegeukia dirishani. Kwetu wakati huo simu hazijafika, hapakuwa na namna ya kutuambia. Sista alitukuta mlangoni, akamshika Mama viwiko vyote viwili. Ilikuwa jana yake jioni. Alikuwa ameanza kula vizuri, alisema sista, alikuwa akiuliza siku ya leo ni siku gani.

Naelewa sasa. Nimekua, nimeuliza madaktari, nimejibiwa kwamba mapafu yale yasingengoja hata kwa masweta kumi. Haisaidii. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yalikuwa mtoto wa kwanza, yamekua nami, tumezeeka pamoja. Kwa siku tatu nilizoficha uzi na nusu nzima waliyokula panya, baba yangu alikufa na mkono mmoja nje.

Mama hakupiga yowe. Aliomba sweta. Sista akalileta limekunjwa, akasema kwa upole kwamba gari la misheni litatupeleka na mwili nyumbani, dereva anangoja, barabara ya mlimani si ya kupita giza likiingia.

"Nilimwambia Ijumaa," Mama akasema. "Leo ndiyo Ijumaa."

Akaketi kwenye ngazi ya baraza, akatoa mkono kwenye khanga, akaupachika begani, akaanza kushona. Alishona polepole, mshono mdogo mdogo, kama anavyoshona sweta la mtu atakayelivaa miaka. Dereva alikuja akasimama, akavua kofia, akarudi kwenye gari. Hakuna aliyethubutu kumharakisha. Mimi nilisimama kando yake na mkasi mkononi, na yale maneno niliyoyapanga yamejaa mdomoni, na aliyestahili kuyasikia yuko ng'ambo ya ukuta.

Alipofika mwisho alipitisha sindano mara mbili, akavuta uzi ukanyooka mbele yangu.

"Kata," akaniambia.

Nikakata.